Mistari mitatu na muhuri

Barua ilikuwa na mistari mitatu. Wa kwanza ulisema mwanafunzi huyu anafahamika shuleni. Wa pili ulisema ni mtiifu, ana nidhamu, na hajawahi kuwa na kesi tangu aripoti Kidato cha Tano. Wa tatu ulimtakia kila la heri aendako. Chini sahihi ya mkuu wa shule, na juu ya sahihi muhuri wa bluu uliogongwa kwa nguvu hadi karatasi ikabonyea upande wa pili. Binti aliyeniletea alikuwa ameifuata kwa basi, siku nzima kwenda na kurudi, akaitia kwenye bahasha, na bahasha akaitia kwenye faili la plastiki isije ikapata unyevu.

Ilikuwa inakwenda kwenye vyuo sita vya Marekani, na hakuna hata kimoja kati yavyo kinachokubali zaidi ya mwombaji mmoja katika kumi. Nikamwambia tutahitaji nyingine. "Kwani hii ina kosa gani, mwalimu?" Haikuwa na kosa. Hapa nchini ingemfikisha popote: benki, serikali ya mtaa, bodi ya mikopo. Kule ilikokuwa inakwenda, ilikuwa karatasi tupu yenye muhuri.

Nimekaa na vijana wa aina yake kwa miaka mingi, wengi Watanzania, kadhaa Wakenya, mmoja mmoja kutoka Burundi. Kila msimu naulizwa swali lilelile: kinatazamwa nini hasa? Na kila msimu muulizaji, hasa akiwa mzazi, huwa ameshajijibu kabla sijafungua mdomo. Matokeo. Mtoto ana divisheni wani ya pointi 3, sasa kimebaki nini?

Simlaumu. Mfumo uliotulea ndivyo unavyokwenda. Unafanya mtihani wa Kidato cha Sita mwezi Mei, matokeo yanatoka Julai, unapeleka alama zako vyuoni, na vigezo vya kila kozi TCU, tume ya vyuo vikuu, imeshaviweka wazi kwenye kitabu chake cha mwongozo. Kenya ni hivyo hivyo, chombo chao cha KUCCPS na pointi zake za klasta. Hakuna anayekuuliza baba yako anafanya kazi gani, wala mwalimu wako wa fizikia anakuonaje. Ni mfumo mkavu, lakini una heshima yake: mtoto wa mkulima wa Mpwapwa na mtoto wa waziri wakipata alama moja, kompyuta haina habari nani ni nani. Tatizo linaanza pale kijana anapofunga safari na mfumo huo kichwani, akidhani kule ni mtihani uleule, ila mgumu zaidi.

Kesi iliyofunguliwa dhidi ya Harvard, ambayo Mahakama ya Juu ya Marekani iliiamua Juni 2023, ilitoa hadharani mambo ambayo vyuo hivi vilikuwa havisemi. Kati ya waombaji wapatao 26,000 wa Marekani kwenyewe waliotaka kuingia Harvard mwaka 2015, zaidi ya 8,000 walikuwa na wastani kamili shuleni kwao. Zaidi ya 3,400 walipata alama zote za hesabu katika mtihani wa SAT, na zaidi ya 2,700 walipata zote upande wa lugha. Nafasi hazikufika 1,700. Hata chuo kingesema kinachukua wenye wastani kamili tu, kingewarudisha nyumbani wanne kati ya kila watano. Na hiyo ilikuwa zamani. Walioomba kuingia mwaka 2024 walikuwa 54,008. Waliokubaliwa ni 1,937.

Kwa hiyo alama ni nauli. Bila nauli kondakta hakupandishi, lakini kwenye basi hili wenye nauli wamejaa kituo kizima, na dereva anachagua.

Anachagua kwa kutazama nini? Vyuo vingi vya Marekani hujaza kila mwaka waraka uitwao Common Data Set, na katika sehemu ya C7 ya waraka huo chuo chenyewe kinaweka alama mbele ya kila kigezo: ni muhimu sana, ni muhimu, kinaangaliwa, hakiangaliwi. Uko wazi kwa yeyote mwenye bando, na sijui kwa nini watu hulipia semina wakati waraka upo. Angalia wa MIT, chuo cha mainjinia na wanahisabati. Kigezo ambacho wamezoea kukiwekea alama ya juu kabisa ni kimoja tu, nacho ni tabia na haiba ya mwombaji. Wazazi nikiwaambia hivyo huona ninawatania. Wala MIT haidharau hesabu: mwaka 2022 ilikuwa ya kwanza katika kundi lake kurudisha SAT kuwa ya lazima baada ya likizo ya korona. Maana yake ni kwamba hesabu wanaijua wote waliofika mezani, basi wanatazama kingine.

Nitarudi kwenye hicho kingine. Kwanza pesa, maana hapa ndipo watoto wetu wengi hupotea kabla hata hawajaanza.

Mwaka mmoja wa masomo kwenye vyuo hivi, ada na chumba na chakula, unapita dola 80,000. Hakuna mzazi ninayekaa naye anayeweza hata robo yake. Kinachowaokoa ni kwamba vyuo vichache tajiri hulipa pengo lote kati ya gharama na uwezo wa familia, hata kwa mgeni. Harvard sasa hailipishi kitu familia yenye kipato chini ya dola 100,000 kwa mwaka. Lakini ndani ya vyuo hivyo vichache kuna makundi mawili, na tofauti yake ni kubwa kuliko tofauti ya majina yao. Kundi la kwanza husoma faili la mgeni bila kutazama kama anaomba msaada wa fedha. Kwa miaka mingi lilikuwa na vyuo vitano: Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst. Mwaka 2022 Dartmouth na Bowdoin vikajiunga, na Brown ikafuata kwa walioanza mwaka 2025. Kundi la pili hutazama. Stanford, pamoja na utajiri wake wote, kwa mgeni inatazama. Vyuo vya aina hii vikikukubali vinakulipia, ila kuomba kwako pesa kunaingia kwenye mizani, na mizani hiyo haikupendelei. Halafu kuna vyuo vikuu vya umma, Berkeley na wenzake, ambako mgeni asiye na kitu hana cha kutegemea, hata awe na akili ya namna gani.

Nimeona kijana wa pointi 3 akituma maombi kumi na mbili, saba kati yake kwa vyuo ambavyo hata vingemkubali visingempa senti. Alivichagua kwa jinsi vinavyotajwa kwenye filamu. Orodha ya vyuo huanzia kwenye mfuko: nani anamlipia mgeni, nani anamlipia bila kumtazama, na wageni wangapi anawalipia kwa mwaka. Ukimaliza hapo ndipo uulize kuhusu theluji.

Fomu ya fedha nayo ni mtihani. Inaitwa CSS Profile, na imetungwa na watu wanaodhani kila mzazi ana hati ya mshahara. Baba wa binti yule analima mahindi na alizeti, na mama ana genge. Tulikaa nao sebuleni, daftari mbele yetu, tukahesabu: magunia mangapi mwaka wa mvua nzuri, mangapi mwaka jana, gunia lilikwenda bei gani, mbolea ilikula kiasi gani. Baba akawa anaongeza. Kila nikiuliza, anapandisha kidogo. Mwishoni nikaelewa: anaona aibu, hataki chuo cha watu kimwone fukara na kumhukumu mtoto wake. "Mzee," nikamwambia, "hapa ukijikweza unamkomoa mwanao." Mama ndiye aliyecheka kwanza, na baada ya hapo tarakimu zikaja za kweli. Chuo hakikutaka risiti za alizeti. Kilitaka maelezo ya ukurasa mmoja yanayoeleweka, yenye sahihi, na yasiyopingana na kilichoandikwa kwenye fomu.

Mitihani nitaipitia haraka. Wakati wa korona karibu vyuo vyote viliacha kudai SAT, kisha vikarudi kimojakimoja: MIT mwaka 2022, halafu mwaka 2024 Dartmouth, Yale, Brown, Harvard na wengine. Sababu iliyotolewa na Dartmouth inatuhusu. Watafiti wake waligundua kwamba wanafunzi wa familia duni walikuwa wanaficha alama zao kwa kuziona ndogo, kumbe alama hizohizo, zikisomwa pamoja na hali ya shule waliyotoka, zingewasaidia. Kijana wa shule ya kata mwenye 1450 kati ya 1600 asijifananishe na mtoto wa Manhattan mwenye mwalimu wa ziada wa SAT tangu akiwa darasa la nane. Msomaji wa maombi kule chuoni hafananishi hivyo. Kikwazo ni ada ya mtihani, inayozidi dola 100 kwetu sisi wa nje, na vituo ambavyo ni vichache na viko mijini. Anayeweza, afanye mara mbili. Anayejiandaa kwa mara ya nne naona kheri akasome kitabu cha hadithi.

Ratiba nayo inawachanganya wengi. Maombi ya Marekani yanafungwa Novemba mosi kwa wanaowahi, na mwanzoni mwa Januari kwa wengine. Mwanafunzi wa Kidato cha Sita wakati huo bado hajagusa mtihani wa taifa. Mkononi ana matokeo ya Kidato cha Nne, ripoti za mihula, labda na moko. Wangu wengi huomba baada ya kumaliza, wakishatoka JKT, wakiwa na matokeo kamili. Mwaka huo wa katikati haumharibii mtu, mradi maombi yaseme aliutumiaje. Na ripoti za muhula, ambazo kwetu ni karatasi ya kumwonyesha mzazi, kule zina uzito usioujua. Ule mstari wa chini, "nafasi ya 2 kati ya 84", ni dhahabu. Tangu NECTA, baraza la mitihani, iache kutangaza kumi bora, Januari 2023, hakuna wa kuusema mstari huo isipokuwa shule yenyewe. Shule nyingi hutuma alama peke yake, zikiacha darasa lilikuwa na watu wangapi, walimu wa sayansi ni wangapi, maabara ipo au haipo, na ni wangapi waliokwenda chuo mwaka uliopita. Ukurasa mmoja wa maelezo ya shule ungeyasema yote hayo. Msomaji kule amepewa nchi nyingi za Afrika kwa mkupuo, na ana dakika chache kwa kila faili. Usipomwambia B ya kemia imepatikana bila mwalimu wa kemia, ataisoma kama B.

Sasa ile barua.

Mwalimu wake wa hesabu nilimkuta kwenye benchi nje ya ofisi ya walimu, anasahihisha madaftari. Mtu mzima, imebaki miaka michache astaafu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akanisogezea nafasi. Nikamweleza kilichonileta. "Sasa mimi niandike nini zaidi ya alichoandika mkuu?" akasema. "Binti ana akili, ana adabu. Basi."

Nikamuuliza lini mara ya mwisho alimshangaza.

Akakaa kimya, kalamu nyekundu imesimama hewani. Kisha akasema, "Kuna swali la intigrali kwenye kitabu chetu. Jibu lililoko nyuma ya kitabu limekosewa. Mimi nimelifundisha swali hilo miaka tisa, na kila mwaka nalivuta mpaka jibu litoke kama la kitabu. Huyu hakunyoosha mkono darasani. Alikuja jioni nikiwa peke yangu, akaweka daftari mezani, akasema, mwalimu, naomba unionyeshe nilipokosea. Nikaangalia mara mbili. Hakukosea. Na alijua hakukosea." Akarudisha kalamu kwenye daftari, akaweka vema mbili tatu, akaendelea bila kuniangalia. "Kesho yake nikawaambia darasa kitabu kina kosa. Sikusema nani kaligundua. Naye hajasema mpaka leo."

Nikamwambia, mwalimu, barua ndiyo hiyo.

Ndani ya kisa hicho kimoja kuna mtoto anayeelewa hesabu kuliko kitabu, asiyeogopa kuuliza, na anayejua kulinda heshima ya mkubwa wake bila kuuacha ukweli. Angejisifia mwenyewe hayo kwenye insha, ungemwona ana majivuno. Akiyasema mwalimu wa miaka thelathini kazini, tena kwa kukiri kosa lake mwenyewe, ni ushahidi. Nyaraka za kesi ya Harvard zilionyesha kwamba kila faili linapewa alama kwa masomo, kwa shughuli za nje ya darasa, kwa michezo, na kwa haiba. Na hiyo ya haiba inatokana kwa sehemu kubwa na barua za walimu, insha na mahojiano. Ni alama yenye utata wake. Waliofungua kesi walidai ndiyo iliyotumika kuwashusha waombaji wenye asili ya Asia. Lakini ipo, na kwa kijana wa kwetu, ambaye mara nyingi hana mahojiano na asiyejulikana na yeyote kule, barua ya mwalimu ndiyo karibu yote aliyonayo upande huo.

Nasi barua hatuziandiki. Hatuna tatizo la uvivu, walimu wetu ni watu wa kujituma. Tumelelewa tusimsifu mtoto. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, mwalimu yeyote atakwambia hivyo, na wengine wataongeza habari za kijicho. Barua ya shule kwetu ni kibali: inathibitisha kwamba mtu huyu hana doa. Kule wanataka kujua ana nini, na kutokuwa na doa wanakuchukulia kama jambo la kawaida. Mwalimu wa Marekani anaandika barua hizi tangu aajiriwe, na kwa maoni yangu wengi wao wanatia chumvi kupita kiasi. Pamoja na barua kuna fomu fupi yenye visanduku, mwalimu anapaswa kumlinganisha mwanafunzi na wote aliowahi kufundisha: wastani, mzuri, mzuri sana, bora, na kuendelea hadi "mmoja wa wachache bora katika kazi yangu yote". Mzee wetu, kwa uaminifu wake wote, alikuwa ameshaweka alama kwenye "mzuri". Kwa Kiswahili cha shule zetu, mzuri ni sifa. Kwenye fomu ile, mzuri ni kumzika. Nikamuuliza katika miaka yake yote amefundisha wangapi mfano wa huyu. Akahesabu kwa vidole. Vidole vitatu. Tukafuta.

Kiingereza kilimtia wasiwasi. Nikamwambia aandike anavyozungumza. Barua pepe yake ilifunguliwa na mwanawe na neno la siri lilishasahaulika, tukamaliza siku ya pili kwenye steshenari ya mjini, kijana wa kaunta akimwongoza "hapo, mzee, bonyeza hapo". Barua ilitoka na sentensi fupifupi na makosa mawili ya sarufi ambayo sikuyagusa.

Kuhusu insha, maneno 650 ya juu kabisa, nina lawama moja kubwa. Mtu fulani amewaambia vijana wetu kwamba Mmarekani anataka machozi. Basi napokea insha za njaa, za kutembea peku, za kusoma kwa kibatari, zilizoandikwa na watoto ambao nyumbani kwao nimekula pilau. Na hata wale ambao shida ni ya kweli, wakiiandika hivyo wanafanana. Shida ikielezwa tu haimwonyeshi anayeieleza. Insha iliyonikaa zaidi iliandikwa na kijana wa Kigoma, mama yake muuza dagaa. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikikomaa wavuvi hawaendi ziwani. Kwa hiyo pesa ya nyumbani kwao inakuja na kuondoka na mwezi; deni la dukani linalipwa giza likirudi. Kijana alikuwa na daftari, ameandika bei ya dagaa kwa miezi kumi na minne kufuatana na mwezi, kisha akagundua kwamba kuna wiki moja ambayo mama yake huuza kwa hasara kila mara kwa sababu ndiyo wiki anayodaiwa ada. Akamshauri aiwekee akiba. Neno umaskini halimo kwenye insha ile. Na hakuna programu ya kompyuta ambayo ingemwandikia, maana haijui daftari lile liko chini ya godoro gani. Vijana wanaotumia programu hizo nawatambua kwa aya ya pili, na nina hakika wasomaji kule wanawatambua mapema zaidi.

Shughuli za nje ya darasa zina nafasi kumi kwenye fomu ya maombi ya Common App, kila moja herufi 150 za maelezo. Vijana wetu hujaza mbili, ukiranja na klabu ya midahalo, wanaacha nane. Nikiwauliza likizo unafanya nini wanasema hamna kitu, niko nyumbani tu. Nyumbani tu! Binti wa barua alikuwa anaendesha genge la mama yake kila likizo, anaamka saa tisa kwenda sokoni, anatunza hesabu, anajua mteja gani akopeshwe na yupi asikopeshwe. Saa thelathini kwa wiki. Fomu ina kipengele cha majukumu ya familia na kipengele cha kazi, vimewekwa makusudi kwa watu kama yeye. Tuliviandika vyote viwili. Kwa upande mwingine, vyeti vya makongamano ya "viongozi wa kesho" yanayolipiwa kiingilio hotelini havina thamani ninayoiona, nami huwashauri wazazi pesa hiyo iende kwenye SAT.

Hayo yote yasimfanye mtu adhani kwamba meza iko sawa. Mchumi Raj Chetty na wenzake walionyesha mwaka 2023 kwamba mtoto wa familia iliyo katika asilimia moja ya matajiri wa juu wa Marekani ana nafasi zaidi ya mara mbili ya kuingia vyuo hivi kuliko wa tabaka la kati mwenye alama zilezile za SAT. Sababu ni tatu: upendeleo kwa watoto wa waliosoma hapo, wachezaji wanaosajiliwa kwa michezo, na hizo alama za haiba na shughuli, ambazo shule za matajiri zimesomea jinsi ya kuzitengeneza. MIT haijali nani ni mtoto wa nani, Johns Hopkins na Amherst waliacha upendeleo huo. Wengi hawajaacha. Na mwaka 2019 tuliona wazazi wakishitakiwa kwa kumlipa wakala aitwaye Rick Singer awapenyeze watoto wao kwa mlango wa pembeni. Nalikumbusha hilo kwa sababu mawakala wanaoahidi nafasi wapo hata mitaani kwetu, na anayeahidi nafasi anauza asichokuwa nacho.

Basi kijana wa kwetu afanye nini na habari hizo? Atumie njia ambazo zimeshafunguliwa. Huko Bonde la Ufa, Kenya, mwanariadha wa Olimpiki Mike Boit na mwandishi wa Marekani John Manners walianzisha mwaka 2004 mradi wa KenSAP. Mwanzoni vijana waliofaulu KCSE walikimbizwa mita 1500 ili kuona kama kuna mkimbiaji ambaye makocha wa vyuo wangemtaka, na huko ni kuusoma mfumo wa Marekani kwa jicho kali, maana michezo ni mlango. Kwa upande wetu, UWC East Africa ya Moshi na Arusha inawaunganisha wahitimu wake na ufadhili wa Davis kwenye vyuo karibu mia moja, vingi vidogo na vizuri ambavyo majina yavyo hayajulikani hapa kabisa. Viza nayo iangaliwe mapema, kabla ya kulipa ada yoyote: Juni 2025 Marekani ilisitisha viza za wanafunzi kwa raia wa Burundi miongoni mwa nchi nyingine, na orodha za namna hiyo hubadilika. Barua ya chuo haifungui geti la ubalozi.

Na jina la chuo? Watafiti Stacy Dale na Alan Krueger walifuatilia jambo hili na kuchapisha mwaka 2002: waliwalinganisha vijana waliokubaliwa na vyuo vya aina moja, wengine wakaenda kwenye chenye jina, wengine kwenye cha chini yake. Miaka ikapita, kipato kikawa kilekile. Waliofaidika na jina ni hasa wale waliotoka familia duni, na hapo nakiri inatugusa, ndiyo maana bado nasaidia watu kuomba. Lakini huwa nawakumbusha ndege za Tom Mboya. Mwaka 1959 ya kwanza ilibeba wanafunzi 81 kwenda Marekani, na mwaka uliofuata alikuwemo msichana wa Nyeri aliyepelekwa chuo kidogo cha masista cha Mount St. Scholastica, mji wa Atchison, Kansas. Msichana huyo ni Wangari Maathai. Sijawahi kumsikia mzazi wa Dar es Salaam akitamani mwanawe aende Atchison.

Binti wa barua alikataliwa na vyuo vinne kati ya sita, kimoja kikamweka kwenye orodha ya kusubiri, na cha sita, chuo kidogo ambacho baba yake bado hajaweza kulitamka jina lake, kikamkubali na kumlipia kila kitu, tiketi ikiwemo. Nilimpigia mwalimu wa hesabu kumpa habari. Akasema alhamdulillahi, akanyamaza kidogo, kisha akasema kuna kijana mwingine Kidato cha Tano, wa mchepuo wa PCM, msumbufu kidogo lakini amemshangaza mara mbili tangu muhula uanze. Tarehe zote mbili, akasema, ameshaziandika kwenye daftari.